Kitabu Kimoja Kifungwe: Barua ya Wazi kutoka Kiseke kwenda Buswelu

Ndugu Mganga Mkuu wa Manispaa ya Ilemela na wajumbe wa Timu ya Usimamizi wa Huduma za Afya,

YAH: WATUMISHI WA AFYA, VITABU VYA MTUHA NA KOMPYUTA



Barua hii inatoka Kiseke, na ingeweza kuletwa mkononi hadi ofisini kwenu Buswelu. Imeachwa wazi kwa sababu wanaohusika ni wengi: muuguzi wa zamu, karani wa mapokezi, wataalamu wa mifumo wa TAMISEMI kule Dodoma, na mama anayetembea na daftari la dukani mkobani akijua kwamba habari za ugonjwa wake zimo humo na pengine popote hazimo.

Kila mfumo mpya unapokwama kituoni, maelezo huwa tayari kabla ya uchunguzi: watumishi wana mtazamo hasi, wakongwe wanaogopa kompyuta, wamezoea karatasi. Maelezo hayo humfaa msimamizi kwa kuwa hayamgharimu kitu. Dawa yake ni semina ya siku mbili, posho na cheti. Lakini watumishi haohao hukopa na kulipa kwa simu, hubadilishana zamu kwenye makundi ya WhatsApp, na hujaza maombi ya uhamisho kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, bila kusukumwa na mtu. Anayefuatilia uhamisho wake mtandaoni saa tano za usiku haogopi kompyuta. Kuna kitu kingine anachokikataa, na barua hii imeandikwa ili kitu hicho kitajwe.

Tuanze na karatasi, kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, umezibeba zahanati zetu tangu miaka ya 1990. Kila huduma ina kitabu chenye namba: wagonjwa wa nje wako namba 5, wajawazito namba 6, wodi ya wazazi namba 12. Mwisho wa mwezi vitabu hupigwa tali, jumla huhamishiwa kwenye fomu, fomu hupelekwa halmashauri, na huko huingizwa kwenye DHIS2, mfumo ambao Tanzania iliusambaza nchi nzima kufikia mwaka 2013 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Oslo. Hesabu hizo zimelisaidia taifa. Bila hizo, nani angejua malaria imepanda Ilemela mwezi wa tano?

Ila MTUHA haukubuniwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja mmoja. Ndani ya kitabu namba 5 mgonjwa ni mstari. Akija na homa mwezi Machi yuko ukurasa huu. Akirudi Juni na homa ileile yuko mstari mwingine, kurasa nyingi mbele, labda kitabu kingine kabisa, na hakuna kinachoiunganisha mistari hiyo miwili. Ndiyo maana vituo vingi hutegemea daftari analonunua mgonjwa mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huku kwetu mgonjwa ndiye mwenye mali na ndiye mtunza daftari, na likilowa mvua, tabibu anaanza upya kuuliza kama kuna dawa inayomdhuru.

Hili halikuanzia Afrika. Mwanzoni mwa karne ya 20 hospitali kubwa za Marekani nazo zilikuwa na leja, kila daktari na yake. Mwaka 1907 Henry Plummer wa Mayo Clinic, Minnesota, aliamua kwamba kila mgonjwa awe na namba moja na jalada moja, na yeyote atakayemhudumia aandike humo. Kompyuta haikuwepo. Kilichobadilika ni mwenye ukurasa: ulikuwa wa daktari, ukawa wa mgonjwa. Katika ngazi ya chini nchini kwetu, heshima hiyo ilimfikia mapema mgonjwa wa CTC, yaani kliniki ya wenye VVU. Tangu huduma ya dawa za kufubaza virusi ilipoanza mwaka 2004, ana namba yake, kadi ya CTC1 anayokwenda nayo nyumbani, na fomu ya CTC2 inayobaki kituoni. Muuguzi akilifungua jalada hilo anaona uzito wa miezi sita iliyopita, dawa iliyobadilishwa, tarehe zilizopitiwa. Anachokiandika leo kitamsaidia yeye mwenyewe mwezi ujao. Hapo hakuna anayehitaji semina ya kumshawishi kuandika.

Halafu ikaja GoTHOMIS. Mfumo huu wa TAMISEMI humpokea mgonjwa mapokezi, ukampitisha dirisha la malipo, chumba cha daktari, maabara na famasi, na ukitumika vyumba vyote unaweza kutoa wenyewe taarifa za MTUHA. Uzuri wake ni wa kweli. Tatizo dogo la mwanzo ni sifa unayopewa. Kiongozi akiusifia jukwaani, aghalabu hutaja mapato kwanza: fedha za papo kwa papo hazivuji tena. Ni sifa halali, na fedha zile zilikuwa zinavuja kweli. Lakini mtumishi anasikiliza pia. Anachosikia ni kwamba mashine imekuja kumchunga yeye, na habari ya mgonjwa imepewa kiti cha nyuma.

Kisha anaketi kufanya kazi. Anaingiza malalamiko ya mgonjwa, vipimo, utambuzi, dawa. Akimaliza, anavuta namba 5 na kuandika tena jina, umri, makazi, utambuzi, dawa. Anaandika mara ya tatu kwenye daftari la mgonjwa, kwa sababu anajua kesho mtu huyo anaweza kwenda kituo kingine ambako skrini ya leo haionekani. Kwa mwenye bima kuna fomu ya madai juu ya hayo. Nje kuna benchi limejaa, na kila anayeingia anaanza kwa kusema amefika tangu saa moja.

Chini ya mzigo huo watu hutafuta ahueni, na ahueni ya kawaida inajulikana: mchana unajaza kitabu, jioni unakijaza kitabu ndani ya kompyuta. Rekodi ya kielektroniki inakuwa nakala ya nakala, imeandikwa na mtu aliyechoka, saa kadhaa baada ya mgonjwa kuondoka. Anayeisoma Dodoma ataamini imeandikwa mbele ya mgonjwa.

Na karatasi isitakaswe. Patografu, yaani chati ya uchungu, iliyochorwa baada ya mtoto kuzaliwa, mistari imenyooka kupita kawaida ya uchungu wowote, ni jambo ambalo kila mkunga mkweli analijua. Mtu aliyebebeshwa maandishi kupita nguvu zake atadanganya kwa kalamu kama atakavyodanganya kwa kibodi.

Kwa nini basi asikiache kitabu? Kwa sababu kitabu ndicho kinachomlinda. Mkaguzi wa kawaida akifika kituoni huomba vitabu kwanza. Wakati wa mpango wa malipo kwa ufanisi, RBF, ulioanzia Kishapu mwaka 2015 na baadaye kuingia Mwanza, wahakiki walihesabu mistari vitabuni, na kituo kililipwa kwa kilichoandikwa. Somo la namna hiyo halisahauliki haraka. Polisi nao wana PF3, fomu ya majeruhi, nayo ni ya karatasi. Wengi huamini kwamba mahakamani kinachokubalika ni wino na mhuri, ingawa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi. Hilo lingestahili nusu saa katika semina yoyote, kabla ya mafunzo ya kubofya.

Ndugu wa Buswelu, kuna kituo kimoja cha jirani ambacho kisa chake kinastahili kusomwa chote, na ni cha vijijini. Mosoriot iko Nandi, Kenya, karibu na Eldoret. Mwezi Februari 2001, Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Indiana walifungua hapo mfumo wa rekodi za wagonjwa wa nje: kompyuta mbili, printa moja, na betri za sola kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Jambo walilolifanya, ambalo huku kwetu ni nadra, ni kupima muda. Waliwafuata wagonjwa na watumishi wakiwa na saa kabla ya mfumo kuanza, wakawafuata tena baadaye.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na kusubiri kulipungua kwa asilimia 38, ingawa tarakimu hii ya pili ilikuwa karibu na mpaka wa bahati nasibu. Mpaka hapo ni habari njema. Lakini pia muda ambao mgonjwa alikaa na anayemtibu ulipungua kwa asilimia 58, watumishi walizungumza wao kwa wao kwa theluthi moja tu ya muda wa awali, na muda waliotumia kwa mambo yao binafsi uliongezeka. Tarakimu hizo zinaweza kusomwa kwa namna mbili. Mtetezi wa mfumo atasema kwamba sehemu kubwa ya muda wa zamani ilikuwa ya kuandika vitabu mgonjwa akiwa ameketi mbele, hivyo kilichopungua ni uandishi. Mwenye shaka ataona mfumo uliompunguzia mgonjwa daktari. Wote wawili wana hoja. Faida ya Mosoriot ni kwamba wanabishana juu ya kitu kilichopimwa.

Eldoret haikuishia hapo. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa mfumo wa AMPATH na, kuanzia mwaka 2004, programu huria ya OpenMRS inayotumika sasa katika nchi nyingi. Miaka kadhaa baadaye walijaribu jambo ambalo watetezi wa skrini hulisahau. Kliniki za VVU ziliendelea kumpa mhudumu fomu ya karatasi, makarani wakaingiza data, kisha kompyuta ikatoa muhtasari uliochapwa, ukabandikwa kwenye jalada kabla mgonjwa hajaingia: huyu amepitiliza kipimo cha CD4. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kliniki iliyopata vikumbusho hivyo iliagiza kipimo kwa asilimia 53 ya waliostahili, dhidi ya asilimia 38 katika kliniki ya kulinganishia. Mhudumu hakugusa kibodi hata mara moja. Kompyuta ilifanya inachokiweza, yaani kukumbuka tarehe za maelfu ya watu, na karatasi ikafanya yake, yaani kusomwa kwa sekunde chache mlangoni.

Nchi tajiri hazina cha kutucheka. Uingereza ilianza mwaka 2002 mpango wa kuunganisha hospitali zake zote kwa mifumo ya kielektroniki; mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja, na gharama yake ilihesabiwa kuwa takriban pauni bilioni 10. Huko Marekani, utafiti wa mwaka 2016 uliofuatilia madaktari 57 ulikuta kwamba kwa kila saa moja ya kukaa na wagonjwa, karibu saa mbili zilikwenda kwenye kompyuta na kazi za mezani. Hao ni watu wenye umeme wa saa 24 na kompyuta kwa kila chumba. Malalamiko yao na ya muuguzi wa zahanati ya Mwanza yanafanana mno kuweza kuelezwa kwa uvivu wa mtu mweusi au mweupe.

Turudi nyumbani, maana ziwa lina sababu zake za kuhitaji kompyuta, na wanaoipinga kabisa wanapaswa kuzijibu. Ilemela ilikuwa na watu takriban 343,000 katika sensa ya 2012, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 500,000. Kiseke ni mfano wa ongezeko hilo: nyumba za PPF, kisha viwanja, kisha wapangaji wanaohama kila kodi inapopanda. Mgonjwa wa leo huenda mwakani yuko Nyegezi. Na kuna wavuvi. Anayefuata dagaa hukaa kambi hii mwezi huu na kisiwa kingine mwezi ujao, leo Ukerewe, kesho Kome. Akiwa anatumia dawa za kufubaza virusi, kliniki aliyoiacha humwandika mtoro na kliniki anayoifikia humwandika mgeni, wakati yeye hakukosa dozi. Hakuna kitabu cha karatasi kinachoweza kuvuka maji kumfuata.

Majina ni mtihani mwingine. Ingiza “Kulwa” kwenye sehemu ya kutafuta katika kituo chochote cha Usukumani, uone. Mapacha wetu ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija, na wengi wana jina la ubatizo kwenye kadi ya kupigia kura, la ukoo shuleni na la utani mwaloni. Wataalamu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, tawi la Mwanza, walilikabili hili Kisesa, wilayani Magu, ambako tangu 1994 walikuwa wakifuatilia kaya kwa utafiti wa VVU. Kuanzia mwaka 2015, katika Kituo cha Afya Kisesa, karani aliketi na mgonjwa sehemu ya kusubiria, wakatafuta pamoja kumbukumbu yake kwenye kompyuta: majina yote, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, balozi wa nyumba kumi, anaoishi nao. Balozi ndani ya hifadhidata! Aliyebuni hilo aliijua Mwanza. Mgonjwa alishirikishwa kujitambua mwenyewe, badala ya programu kumkisia kutoka Dodoma au Dar es Salaam.

Kuhusu umeme na mtandao yatosha kukumbusha tarehe moja. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima. Mfumo unaoishi mtandaoni siku kama hiyo humwacha tabibu hajui jana alimpa mgonjwa nini. Wenye kitabu walifanya kazi. Tukio la namna hii likimtokea mtumishi mara moja, hakuna waraka utakaomfanya akiache kitabu chake tena, labda aonyeshwe utaratibu unaojulikana wa siku mfumo uko chini: karatasi gani inatumika, nani anaiingiza, kabla ya saa ngapi.

Liko pia suala la siri, ambalo watumishi hulisema kwa sauti ndogo. Kitabu huonwa na aliye chumbani. Skrini inaweza kuonwa na yeyote mwenye nywila, na palipo na kompyuta moja kwa watu watano nywila huwa ya wote. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Muuguzi anayesita kuingiza majibu ya jirani yake kwenye mashine inayotumiwa na kila mtu anaitekeleza sheria, hata kama hajawahi kuisoma. Kumwita mwenye mtazamo hasi ni kumwonea.

Sasa ombi. Barua hii haiombi kompyuta zaidi; inaomba kitabu kimoja kifungwe.

Chagueni vituo vichache vya Ilemela ambako mfumo unafanya kazi vyumba vyote, na iombeni Wizara ya Afya na TAMISEMI kibali cha maandishi cha kusimamisha kitabu namba 5 katika vituo hivyo kwa miezi sita. Kibali kiwe na sahihi, kibandikwe ukutani, na kila mkaguzi atakayefika akisome kabla ya kuuliza chochote. Bila karatasi hiyo hakuna mfawidhi mwenye akili atakayethubutu. Kabla ya kuanza, pimeni dakika kama walivyopima Mosoriot: za kusubiri, za kukaa na tabibu, za kuandika. Pimeni tena baada ya miezi mitatu, na majibu yawafikie watumishi waliopimwa kabla ya kufika Dodoma.

Mgonjwa naye atoke na kitu. Muhtasari wa hudhurio uliochapwa, nusu ukurasa, ungeondoa uandishi wa tatu kwenye daftari na ungeeleweka katika hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando bila kuhitaji mifumo kuunganishwa kwanza. Printa na wino vina gharama, na hoja hiyo isipuuzwe. Lakini tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati za usimamizi wa vituo, zenye wananchi ndani yake, zina sauti kwenye mipango. Betri ya akiba na rimu za karatasi zinaweza kuwa mstari wa bajeti kama dawa ya kusafishia sakafu.

Kila mtumishi apewe nywila yake, na muda wa kuifuta akihama. Tabibu akifungua kompyuta aone wagonjwa wake waliopaswa kurudi wiki hii. Mkunga aone mama waliokosa hudhurio la nne. Programu ikishindwa kutoa orodha hizo, itajwe kwa maandishi kwamba imeshindwa, na waliotengeneza waambiwe na watu wanaoitumia. Hadi sasa njia ya malalamiko imekuwa ikishuka zaidi kuliko kupanda.

Ikiwa baada ya miezi sita itaonekana kitabu namba 5 kilikuwa kinafanya kazi ambayo mfumo hauiwezi, kirudishwe, na kompyuta iondolewe kazi hiyo. Kitakachokuwa kigumu kukitetea ni hali ya sasa, ambayo mtu mmoja hufanya zote mbili kisha akatathminiwa tabia.

Wenu katika kupanga foleni,
Mkazi wa Kiseke, Ilemela

Nakala:
Ofisi ya Rais – TAMISEMI, Dodoma
Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza
Kamati za usimamizi wa vituo vya afya na zahanati, Ilemela